Ukienda kuvua stilihedi, ulizia waongozaji kwanza

Matangazo ya loji za uvuvi za kaskazini mwa British Columbia, huku Kanada, yanafanana sana. Mgeni kapiga goti mtoni, samaki mrefu wa rangi ya fedha mikononi, na nyuma yake msitu umefunikwa na ukungu. Chini ya picha utasoma habari za vyumba, mpishi, mvinyo, maji ya moto, na helikopta ya kukufikisha mahali ambapo barabara haifiki. Waongozaji, yaani wanaompeleka mgeni mtoni na kumwelekeza avue vipi, hupewa sentensi moja kwamba ni wazoefu, basi. Sentensi hiyo huniuma kila ninapoisoma. Kwa samaki huyu wa pichani, stilihedi, mwongozaji ndiye kila kitu, na mtu anayelipa maelfu ya dola kwa wiki moja ana haki ya kujua ni nani atakayesimama naye majini.

Aliyekulia Nyeri au Kirinyaga anamjua ndugu wa stilihedi. Ni spishi ile ile ya trauti wa upinde wa mvua waliopandikizwa wakati wa ukoloni katika mito ya baridi ya Mlima Kenya. Ila stilihedi, akishakua kidogo mtoni alikozaliwa, hushuka hadi Bahari ya Pasifiki, akanenepa huko kwa miaka kadhaa, kisha akarudi kutaga kwenye mto wake. Bahari humkuza hasa. Mwaka 1962, katika mto Kispiox, Karl Mausser alivua mmoja wa ratili 33, karibu kilo 15, kwa ndoano iliyofungwa manyoya. Na wakati samoni wengi wa Pasifiki hufa wakishataga, stilihedi anaweza kurudi baharini na kuja kutaga tena.

Wale wa mto Skeena, huko huko kaskazini mwa British Columbia, na matawi yake huingia kuanzia majira ya joto hadi vuli, hulala humo majira yote ya baridi, na hutaga majira ya kuchipua ya mwaka unaofuata. Miezi yote hiyo hawali cha maana. Wanaishi kwa mafuta waliyotoka nayo baharini. Kwa hiyo samaki unayemnasa Oktoba amebeba akiba ya kumfikisha Mei, na kila dakika unayovutana naye inakatwa humo. Hoja yangu yote inasimama juu ya jambo hili. Tunalipa ili tumsumbue mnyama ambaye hana pa kujazia alichopoteza, na anayeamua asumbuliwe kiasi gani ni mwongozaji.

Skeena ina urefu wa kilomita zipatazo 570, na kila tawi lake lina tabia zake. Babine inatoka ziwani, kwa hiyo mvua ikinyesha haichafuki haraka, na ikichafuka husafika upesi. Kispiox hugeuka tope kwa mvua ya usiku mmoja. Bulkley huangalia Telkwa imeamkaje, maana Telkwa inaiingilia na udongo wa milimani: juu ya makutano unaweza kuvua, chini yake huoni hata goti lako. Haya unaweza kuyasoma mahali. Usichoweza kusoma mahali ni kwamba maji yakipanda hadi mwamba fulani, samaki huacha katikati na kusogea ukingoni, na kwamba mwaka ujao mwamba huo huenda usiwe alama ya kitu chochote, kwa sababu mafuriko ya theluji inayoyeyuka yatakuwa yamehamisha kokoto. Mwongozaji wa siku nyingi ameshaona mkondo mzuri ukifukiwa na mwingine ukifunguka mita mia mbili chini yake. Anajua pia ni wapi dubu hupenda kutokea samoni wanapokuwa wengi, na boti ipite upande gani maji yakipungua.

Nimewatazama wakiwa kazini. Mzoefu hana haraka ya kuingia majini. Anasimama ukingoni akitafuta maji yanayokwenda mwendo wa mtu anayetembea, kina cha kiunoni au kifuani, yenye mawe makubwa chini. Anapopapenda zaidi ni pale mto unapopanuka na kulainika juu tu ya maporomoko, kwa sababu samaki aliyetoka kupambana na maporomoko hupumzika hapo. Mgeni akiachwa peke yake huvaa suruali yake ya mpira, akazama hadi kifuani, na kukanyaga pale pale samaki walipolala. Mzoefu humzuia: maji yasipite magoti, na mirusho ya kwanza iwe mifupi. Unarusha mshipi kuelekea ng'ambo na chini kidogo, unauacha mkondo uubebe mpaka unyooke chini yako, unapiga hatua mbili, unarusha tena. Kutwa nzima ni hivyo, na siku nyingi unarudi mikono mitupu. Samaki akishika, mwili wako wote unataka kuinyanyua fimbo. Ukiinyanyua mapema, ndoano inamtoka mdomoni. Inabidi utulie, ageuke nayo mwenyewe, na kutulia huko wengi hujifunza kwa sababu kuna mtu nyuma yao anayesema polepole, kwa sauti ile ile asubuhi na jioni: mwache, mwache, mwache.

Kumwachia samaki ndiko kunakotofautisha mwongozaji na mwongozaji. Sheria ya British Columbia inataka stilihedi wa asili arudishwe majini, na ndoano iwe moja, isiyo na kijino. Katika jimbo la Washington, Marekani, hairuhusiwi hata kumtoa kabisa majini samaki unayepaswa kumwachia. Lakini sheria haikai mtoni pamoja nawe. Mzoefu humleta samaki kwenye maji tulivu yanayofika magotini, hulowesha mikono ili asimbandue ute wa ngozi, hushika mkia kwa mkono mmoja na kupitisha mwingine chini ya kifua, kichwa kikielekea mkondo unakotoka. Ndoano inatoka kwa mzunguko mmoja wa kifundo cha mkono. Picha ikipigwa, samaki yuko nusu majini na maji yanamtiririka. Kisha mwongozaji hungoja. Hamsukumi. Mkia ukijikaza wenyewe ndani ya kiganja, anafungua vidole. Nimemwona pia kijana akimnyanyua samaki juu, mapezi yakipapatika hewani, huku mgeni akitafuta simu mfuko huu na mfuko ule. Kijana yule hakuwa mtu mbaya. Hakuna mkubwa aliyesimama naye majini kumfundisha, na alikuwa akitegemea bakshishi.

Bakshishi na hesabu ndivyo vinavyoharibu kazi hii. Nilifika loji moja ambako ukumbini kulikuwa na ubao wa majina ya wageni, na kila jioni mbele ya jina iliandikwa idadi ya samaki. Mwongozaji ambaye mgeni wake alibaki sifuri alikula kimya. Ubao ule ulinikasirisha na bado unanikasirisha. Kwenye ubao wa namna ile, anayesema "wawili wametosha leo, twende tukaangalie mkondo mwingine bila kurusha" anaonekana mvivu, na anayemrudisha mgeni kwenye dimbwi lile lile mpaka giza liingie anaonekana hodari. Mwenye miaka mingi na jina lake anaweza kukataa. Mwongozaji aliyeanza kazi juzi hawezi, atakosa kuitwa msimu ujao.

Wapo wanaosema wakongwe wana ukaidi na kwamba vijana wana nguvu za kusukuma boti. Kweli, vijana wanahitajika. Lakini kijana huwa mzoefu kwa kukaa mahali pamoja chini ya mtu anayepajua, si kwa kubadilishwa kila msimu.

Ninapotaka kueleza mzoefu anaweza kufika wapi, humtaja Frank Moore. Alikuwa askari aliyetua Normandy mwaka 1944, kisha akarudi jimbo la Oregon, Marekani, akawa mwongozaji kwenye mto Umpqua Kaskazini. Mwaka 1957 yeye na mkewe Jeanne walifungua nyumba ya wageni pale Steamboat. Kwa kuwa alikuwa mtoni siku zote, aliona wakata miti walivyokuwa wakivuruga vijito ambamo stilihedi hutaga, naye akasimama kupinga, mpaka sauti yake ikawa miongoni mwa zilizochangia sheria ya misitu ya Oregon ya mwaka 1971. Mwaka 2019 Bunge la Marekani lilitenga karibu hekta 40,000 za msitu kwa ajili ya stilihedi wa asili na kuliita eneo hilo kwa majina ya Frank na Jeanne. Alifariki mwaka 2022 akiwa na miaka 98. Mtu wa misimu miwili asingejua kwamba kijito kile zamani kilikuwa na kivuli.

Tena, tukisema uzoefu tusiishie kwa wenye leseni. Wagitxsan na Wawet'suwet'en, wenyeji wa asili wa bonde la Skeena, wamevua kwenye matawi ya mto huo tangu zamani sana kabla ya loji yoyote, na kwa Wagitxsan kila mahali pa kuvulia ni mali ya ukoo fulani. Loji inayojenga gati ndani ya nchi ya watu wanaoujua mto kiasi hicho ingepaswa kuwatafuta vijana wao kwanza na kuwalea kuwa waongozaji. Tangazo likiwa kimya juu ya hilo, mimi huuliza.

Na mambo si shwari. Mwaka 2018 kamati ya wataalamu ya Kanada ilitoa tathmini ya dharura kwamba stilihedi wa mito ya Thompson na Chilcotin wako hatarini kutoweka. Mwaka 2021 Umpqua Kaskazini ilifungwa kwa wavuvi Agosti, na Oktoba uvuvi wa stilihedi wa Skeena nao ukafungwa, kwa sababu waliopanda mto walikuwa wachache kuliko wakati wowote tangu upimaji uanze miaka ya 1950. Nyavu, joto la bahari na misitu iliyokatwa vina lawama kubwa kuliko fimbo za wageni. Hata hivyo mto ukifungwa, wa kwanza kukosa mshahara ni mwongozaji, na akishapata kazi ya kudumu mgodini au kwenye kiwanda cha mbao harudi tena, na yote anayoyajua juu ya maji yale yanakwenda naye.

Ndiyo maana nataka wageni waulize mambo matatu kabla ya kulipa: waongozaji wamekaa hapo miaka mingapi, wana ruhusa ya kusimamisha uvuvi maji yakiwa moto au samaki wakiwa wachache, na msimu ukifungwa wanalipwaje. Loji inayotoza maelfu ya dola kwa wiki inaweza kuweka ndani ya bei fungu la kuwalipa watu wake mto unapofungwa, wakaendelea kwenda kupima joto la maji na kuangalia vijito. Iandike fungu hilo waziwazi, juu ya mvinyo na helikopta. Mimi nitalilipa.