Flashi Imezama

Kwanza ieleweke kwamba mie si mtu wa makelele. Nimekulia Ngamiani hapa Tanga. Marehemu baba alikuwa mpenzi wa dansi la Jamhuri Jazz, mama wa taarab ya Black Star, na redio ya nyumbani ilifunikwa kitambaa cha kudarizi kama bibi harusi. Mtu akiimba, unajua kaachwa au kasengenywa.

Sasa kijana wangu alikuja Idi, akachomeka flashi kwenye redio ya bajaji, akarudi zake Dodoma. Kaisukuma mpaka imezama, haina pa kushika. Kitufe cha kuhamia redio fundi alikichukua mwaka jana, "nakifanyia majaribio, mzee," na majaribio mpaka leo hayajaisha. Zima basi! Nikizima, na indiketa zinazima. Msiniulize mimi, muulizeni fundi.

Ndani ya flashi kuna album moja tu, ya bendi ya Kimarekani, Limp Bizkit.

Hawa nawajua. Miaka ya 2000 huko, lile jamaa la kofia nyekundu iliyogeuzwa nyuma, Fred Durst, lilikuwa kila ukiwasha televisheni linafoka. Kufoka juu ya magitaa ya kusaga kokoto! Nilidhani limeshastaafu. Nikampigia kijana simu, salio langu likaishia kwenye historia: bendi ya Jacksonville, Florida, tangu 1994, walikaa miaka kumi bila album, wakaibuka na hii Oktoba 2021. Inaitwa Still Sucks, yaani bado tunaboa.

Hapo ndipo waliponipata. Mtu anakaa kimya miaka kumi, anarudi na kutangaza mwenyewe kuwa bado anaboa! Fundi wangu hajawahi kukiri hata skrubu moja.

Siku ya kwanza niliteseka. Ya pili nilinyamaza. Ya tatu nimempeleka mteja Raskazone, kafika, kashika mlango wake, na mie namwambia subiri kidogo, kiishe hiki kipande. Kichwa kinakwenda chenyewe, shingo yenyewe hii ya baridi yabisi.

Na wana adabu ya muda, hilo nawapa. Nyimbo 12 kwa dakika kama 32. Naondoka kijiweni, nashusha, nagombea chenji ya buku, narudi, wamemaliza. Taarab yetu, Mungu anisamehe, kwa muda huo mwimbaji ndiyo kwanza anatunzwa.

Halafu jamaa kazeeka kama mimi. Mwaka huohuo 2021 alipanda jukwaani Chicago na wigi la mvi na sharubu za baba mkwe, na humo ndani kuna wimbo mzima wa kujisifia ubaba. Mie mvi zangu si za wigi, nimezipata kwa petroli na hesabu ya bosi, lakini nimemwelewa. Mpiga gitaa, Wes Borland, anajipaka rangi mwili mzima kabla ya kupiga. Hilo sijalielewa na sina haraka.

Juzi nikampakia bibi mmoja wa baibui, kapu la muhogo magotini. Spika ikaanza. Bibi akavumilia mpaka barabara ya nane.

"Mwanangu, hao wanagombea nini?"

"Ni Wamarekani, bibi."

"Kwani hawana wazee?"

Nikapunguza sauti. Bahati ukaingia ule wa pole, maana wanazo nyimbo za gitaa kavu humo, mtu anaimba taratibu kama anayemwomba mkewe amfungulie mlango. Bibi akalegea, akaegemea, akaanza kugonga kapu kwa kidole.

"Afadhali. Wameshapatanishwa."

Ukaisha. Likaja gitaa la kokoto, Durst akaanza upya. Bibi akashika kapu kwa mikono miwili.

"Ala! Suluhu haikushika!"

Nauli alinilipa pungufu shilingi 200, eti fidia ya masikio. Sikubishana, kwa sababu kilikuwa kipande changu na sikutaka kinipite.

Jana jioni nimekaa kijiweni na kahawa yangu, nani anatokea? Fundi, meno yote nje, kitufe kiko kiganjani kimesuguliwa kinang'aa.

"Mzee, kimepona! Nikifunge?"

Nikakitazama. Nikamtazama na yeye.

"Wewe una uhakika?" nikamwambia. "Hebu nenda kakifanyie majaribio kidogo."