Jeti ya kwanza ya kusimama: kuukuu ya bei poa, au ujikaze ulipe zaidi?

Mpwa wangu anaishi Tampa, Florida. Mwezi uliopita alinitumia picha tatu kwenye WhatsApp, zote za jeti za majini zinazouzwa na watu binafsi, na chini yake maneno machache: "Shikamoo mjomba. Kati ya hizi nichukue ipi?" Ya kwanza ilikuwa Kawasaki 550SX ya mwaka 1993, dola 1,300 pamoja na treila yake. Ya pili Yamaha SuperJet ya 2004, dola 4,500. Ya tatu Kawasaki SX-R ya 2018, dola 8,000. Zote za kusimama, na yeye hajawahi kusimama juu ya chombo cha aina hiyo hata siku moja.

Kwa wasiozijua: hizi si zile za kukaa kama pikipiki zinazokodishwa Nyali au Nungwi. Hazina kiti. Ni bodi nyembamba yenye nafasi ya miguu nyuma, na mbele kuna mkono mrefu unaopanda na kushuka, usukani ukiwa kwenye ncha yake. Kawasaki ilianza kuziuza mwaka 1973 kutokana na wazo la Mmarekani Clayton Jacobson II, mtu wa mashindano ya pikipiki, na jina Jet Ski ni mali ya Kawasaki mpaka leo ingawa kila mtu analitumia. Baadaye za kukaa ziliteka soko. Za kusimama zikabaki za wachache, na watengenezaji wakubwa wakabaki Kawasaki na Yamaha. SX-R 800, modeli iliyoitangulia ile SX-R ya kwenye picha, ilipofikia mwisho wa kutengenezwa mwaka 2011, Kawasaki haikutoa nyingine ya kusimama mpaka 2017. Ndiyo maana wengi wanaingia mchezoni kupitia mtumba, na ndiyo maana jeti ya miaka ishirini bado ina bei ya kueleweka.

Wanaoujua mchezo huu wamegawanyika kuhusu mtu kama mpwa wangu. Kuna wanaosema aanze na kuukuu ya bei poa, na kuna wanaosema ajikaze alipe zaidi tangu mwanzo. Nimewasikiliza wote kwa miaka, na hakuna upande unaosema upuuzi.

Wa kwanza wana hoja nzito kuliko bei peke yake. Mwanafunzi ataanguka mara hamsini siku ya kwanza. Ataigonga gatini, ataiburuta mchangani, ataiacha ipinduke ielee tumbo juu. Bora afanye hayo kwa mashine ya dola elfu moja kuliko ya elfu nane. Tena injini ya 550SX ni nyepesi kueleweka: stroki mbili, silinda mbili, kabureta moja. Mvuvi wa Malindi au Bagamoyo anayechanganya petroli na oili kwa ajili ya injini yake ya boti, Yamaha Enduro, angeifungua hii bila kushangaa kitu. Anayejifunza kwa mashine ya namna hiyo anajifunza na ufundi humo humo, na ufundi huo utamfaa kwa jeti yoyote ya stroki mbili atakayonunua baadaye. Hilo mimi nalithamini sana, maana nimekulia Tanga kwenye nyumba ambayo injini ya boti ilikuwa ikilazwa sebuleni.

Lakini njia hiyo nimeipita mwenyewe, na najua inapoishia.

Jeti yangu ya kwanza ilikuwa ya aina hiyo hiyo, nikailipia dola 1,400. Muuzaji aliniambia iliwaka vizuri mwaka uliopita, na hakunidanganya. Iliwaka na kwangu. Niliipeleka majini mara tatu. Mara ya tatu, nikiwa ndiyo kwanza nimeanza kutoka magotini na kunyanyuka, resi zilipanda zenyewe, injini ikalia kwa sauti nyembamba, kisha kimya. Nilipofungua kichwa cha silinda nilikuta pistoni moja imechubuka mistari mirefu upande wa kutolea moshi, na juu, karibu na ukingo, alumini imeyeyuka na kuacha kitundu kama cha punje ya mtama. Nililaumu oili. Nikalaumu petroli. Kosa lilikuwa kwenye sili ya krenki, kimpira cha bei ndogo kilichokauka kwa kulala gereji miaka. Kwenye stroki mbili mchanganyiko wa hewa, petroli na oili unapita kwanza kwenye chumba cha krenki ndipo unapanda silindani. Sili ikivuja inaingiza hewa ya ziada, mafuta yanakuwa haba ndani ya mchanganyiko, joto linapanda, na pistoni haina pa kukimbilia. Nilimaliza kiangazi kile chote nikisubiri spea.

Kwa hiyo hesabu ya bei poa ina shimo. Kinachomfundisha mtu kusimama ni saa anazokaa majini, na injini iliyolala gereji haimpi hata moja. Dola zangu 1,400 zilizaa saa kama nne za mazoezi.

Kuna jambo la pili ambalo kambi ya bei poa hulipita haraka, nalo ni mwili wa mwendeshaji. Husemwa kuwa injini ndogo inamfaa anayeanza. Kwa kijana wa kilo 60, sawa. Mpwa wangu ana kilo 95. Jeti hizi hazina utulivu zikiwa polepole. Zinatulia zikishapata mwendo na bodi kunyanyuka juu ya maji, kama baiskeli inavyosimama ikishakimbia. Mtu mzito juu ya 550, yenye bodi nyembamba na nguvu ndogo, anakaa muda mrefu katika ile hali mbaya ya katikati, nusu amezama, mashine ikiyumba kulia na kushoto, mikono ikimuuma kwa kuning'inia kwenye usukani. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, wakidhani hawana kipaji, kumbe mashine haiwatoshi.

Sasa upande wa pili. SX-R ya 2018 ina injini ya stroki nne ya sentimita za ujazo 1,498. Haihitaji kuchanganya oili, inawaka kwa kubonyeza, na bodi yake ni ndefu na pana kiasi kwamba anayeanza anaweza kusimama siku hiyo hiyo. Kwa mtu wa kilo 95 ni kama daraja. Wanaoipendekeza wana haki ya kusema kwamba dola 8,000 zinanunua saa nyingi majini na saa chache gereji.

Ninachokihofia ni uzito na nguvu. Mashine hii inakaribia kilo 250. SuperJet ya 2004 ni kama kilo 130, na watu wawili wenye afya wanaweza kuipakia nyuma ya pikapu. SX-R ikikuzimikia mbali na ufuko, au wimbi likikusukumia nayo, hiyo si tofauti ya makaratasi. Na nguvu yake ni ya mashine ya mbio. Mwanafunzi akishtuka huwa anakaza mkono, na akikaza mkono anavuta resi. Tena jeti inageuka kwa maji inayoyatema nyuma: ukiachia resi, usukani haugeuzi tena kitu. Anayeanza akiona gati mbele yake huachia, akageuza usukani, na jeti ikaendelea moja kwa moja kule kule. Kosa hilo kwa mashine ndogo linaacha jeraha la bodi. Kwa kilo 250 zenye mwendo sitaki kufikiria. Yamaha walipoleta SuperJet ya stroki nne mwaka 2021, ya sentimita za ujazo 1,049, waliiwekea hali ya kujifunzia inayopunguza kasi. Naona walielewa tatizo. Ila hiyo kwa mtumba bado ni ghali kuliko mfuko wa kijana wangu.

Mimi, kwa hiyo, namwelekeza kwenye ile ya katikati, SuperJet yenye injini ya sentimita za ujazo 701. Yamaha waliiweka injini hiyo kwenye SuperJet mwaka 1994 na kuendelea nayo hadi 2020, hivyo spea zimejaa na mafundi wanaifahamu. Ina nguvu ya kumnyanyua mtu wa kilo 95, na bado anaweza kuigeuza mwenyewe ikipinduka. Haijatulia kama SX-R. Ataanguka sana wiki mbili za kwanza. Nakubali gharama hiyo.

Ila naweka sharti, na sharti ndilo muhimu kuliko jina lililoandikwa ubavuni: iwe haijachezewa. Hizi SuperJet nyingi zimepita mikononi mwa vijana wa kurukia mawimbi, waliobadilisha kichwa cha silinda, wakapanua njia za moshi, wakakata bodi. Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, ikipandishwa sana, petroli ya kituoni haitoshi tena, itabidi ununue ya mashindano. Muuzaji atakutajia vifaa hivyo kama sifa. Kwa anayeanza ni mzigo.

Hata hiyo isiyochezewa usiinunue kwa macho. Fika na geji ya kompresheni. Plagi zote mbili nje, resi imevutwa mpaka mwisho, piga stata mpaka mshale ukome kupanda. Silinda zote mbili zikisoma karibu sawa, tofauti isiyozidi psi 10 hivi kwenye geji, endelea na maongezi. Zikiachana sana, ondoka, hata kama inawaka vizuri, maana yangu pia iliwaka vizuri. Kisha lala chini uangalie pampu nyuma. Pangaboi linazunguka ndani ya ringi, na nafasi kati yake inatakiwa iwe nyembamba sana. Mahali ambapo kadi ya benki inapita kwa raha, ringi imekula, na jeti itapiga resi bila kwenda. Bodi nayo ibebwe nyuma na mbele. Ndani yake kuna povu la kuelea, na povu la zamani hunywa maji likaongeza kilo ambazo huzioni.

Na muulize mwenye jeti anavyoisafisha akitoka baharini. Anayejua atasema anawasha injini kwanza ndipo anafungua maji ya bomba, na akimaliza anafunga maji kwanza ndipo anazima. Akikwambia kinyume, jua maji yamekuwa yakijaa kwenye ekzosi bila moshi wa kuyasukuma nje, na mengine yameingia silindani. Muulize pia kuhusu oili. SuperJet hii haina pampu ya oili, unachanganya mwenyewe, sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili. Kwenye baadhi ya Kawasaki za stroki mbili kuna pampu, na wenye nazo wengi huing'oa. Ukiijaza petroli tupu mashine iliyong'olewa pampu, injini haitamaliza siku.

Karatasi zisisahaulike. Namba ya bodi, herufi na tarakimu 12 upande wa kulia nyuma, isomeke na ilingane na hati ya umiliki. Florida inamtaka yeyote aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1988 awe na cheti cha usalama wa vyombo vya majini, na mpwa wangu yumo. Jaketi la kuokolea livaliwe, na lile la kujaza hewa halikubaliki kwenye jeti. Anayeishi kwingine Marekani aangalie sheria za ziwa lake kabla ya kununua stroki mbili yoyote: Lake Tahoe ilizifukuza zile za kabureta tangu 1999, na jeti nzima inaweza kukosa maji ya kuendeshea. Kwa hoja hiyo wapenzi wa stroki nne wananishinda, nami sina la kujibu zaidi ya kusema kwamba Tampa si Tahoe.

Kama mfuko ungekuwa wa dola 1,300 tu, nisingemwambia achukue ile 550. Ningemwambia asubiri msimu mmoja, aazime ya rafiki kwa wikiendi chache, aweke akiba. Najua kusubiri kunauma ukiwa na miaka ishirini na minne na bahari iko mtaa wa pili.

Jumamosi tulienda kuiona SuperJet. Tulifika saa nane mchana kama tulivyoahidiana, nikaweka kiganja juu ya kichwa cha silinda kabla ya salamu kuisha. Kilikuwa cha moto. Injini yenye matatizo ya kuwaka huyaficha ikishapata joto, na mwenye mali alisema aliiwasha tu ili kuhakikisha. Huenda ni kweli, alionekana mtu mwema. Hatukutoa geji. Tumemwomba turudi Jumamosi ijayo saa moja asubuhi, akiwa hajaigusa, na bado tunasubiri ajibu.