Tamasha la kumuenzi Freddie Mercury: fedha ilitoka langoni au kwenye kanda?

Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen, yule Farrokh Bulsara aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, alifariki London tarehe 24 Novemba 1991 kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI. Tarehe 20 Aprili 1992 wenzake watatu wa Queen walimfanyia tamasha la hisani, la kuchangia vita dhidi ya UKIMWI, katika uwanja wa Wembley, mbele ya watu wapatao 72,000. Kila anayeandaa kumbukizi ya mwanamuziki wa roki hulitazama tamasha hilo kama kipimo. Wakosoaji nao hawajachoka kuuliza: kama shida ni fedha, uwanja wa nini?

Hoja yao si nyepesi. Desemba 1991 Queen walikuwa wameitoa upya "Bohemian Rhapsody" nchini Uingereza, na mauzo yakaipatia Terrence Higgins Trust, taasisi ya kuwasaidia wenye UKIMWI, takriban pauni milioni 1, bila jukwaa wala bima. Tamasha la uwanjani hula kabla halijalisha: pango, bima, paa la jukwaa, jenereta, walinzi, huduma ya kwanza. Wasanii huimba bure, lakini mafundi wao wa sauti na taa hulipwa, na mizigo yao haisafiri kwa dua. Kwa hiyo tangazo likisema "faida yote", usisome "mapato yote".

Halafu kuna mirabaha. Wimbo ukipigwa hadharani, mtunzi ana fungu lake hata kama mwimbaji hakulipwa senti. Marehemu akiwa ndiye mtunzi, wanaovuna ni warithi na kampuni iliyosajili nyimbo zake. Si wizi, ila wanaotaka kukwepa maneno huliachia fungu hilo kwa maandishi kabla tiketi hazijaanza kuuzwa.

Upande wa pili una jibu ambalo santuri haiwezi kulitoa. Siku ile mwigizaji wa filamu Elizabeth Taylor alipanda jukwaani akauambia umati wa vijana, bila kumung'unya maneno, watumie kondomu. Mwaka 1992, mashabiki wengi wa roki walikuwa bado wanaihesabu UKIMWI kuwa habari ya watu wengine. Bendi ya Guns N' Roses walialikwa ingawa wanaharakati walipinga, kwa sababu wimbo wao mmoja wa mwaka 1988 uliwatukana mashoga. Mwaliko huo unatetewa kwa hoja kwamba waliohitaji kumsikia Taylor ni mashabiki wa bendi ile ile. Naona ni hoja nzuri, ingawa ni rahisi kuitoa ukiwa si wewe uliyetukanwa.

Kiufundi, nusu ya pili ya siku ile ni somo. Bendi ikipisha bendi, hata kama dramu zimewekwa juu ya majukwaa madogo ya magurudumu, dakika 15 hadi 20 hupotea, na lazima zijazwe kwa video. Queen wakabaki jukwaani kama bendi ya kuwapigia wageni wote, waimbaji wakawa wanabadilishana: George Michael, David Bowie, Annie Lennox, Elton John. Kinachobadilika hapo ni maikrofoni na sauti ya spika za miguuni, zile ambazo mwimbaji hujisikilizia. Balaa la mpangilio huu ni mgeni asiyefanya mazoezi ya kutosha: nyimbo za Freddie ziko juu sana, na mwimbaji akisikia dramu kuliko sauti yake mwenyewe, hutoka kwenye ufunguo.

Kwa maoni yangu, jibu la swali la fedha liko kwenye kanda. Aprili 1993 ilitoka santuri fupi "Five Live", yenye "Somebody to Love" ya George Michael kutoka usiku ule. Ikashika namba 1 Uingereza, na mapato yakaenda Mercury Phoenix Trust, mfuko ulioanzishwa kupokea fedha za tamasha na kupambana na UKIMWI. Chombo cha kupokelea kilikuwa tayari. Linganisha na tamasha la George Harrison, aliyekuwa wa Beatles, kwa ajili ya wakimbizi wa Bangladesh, New York, Agosti 1971. Kiingilio, dola 243,418.50, kilifika UNICEF. Lakini msamaha wa kodi haukuwa umeombwa mapema, na fedha za albamu na filamu zikakwama kwa mamlaka ya kodi ya Marekani kwa miaka mingi, huku wakimbizi waliokusudiwa wakiwa na njaa ya mwaka 1971.

Sahihi za ridhaa za wasanii wageni nazo zichukuliwe wakati wa mazoezi: kurekodiwa sauti, kupigwa picha, kutangazwa na kuuzwa, kila kimoja na kifungu chake, na kampuni ya msanii iridhie. Robert Plant, mwimbaji wa Led Zeppelin, aliimba "Innuendo" pale Wembley. Kwenye video iliyouzwa wimbo huo haumo, uliondolewa kwa ombi lake.