Kelele ya Nyuma

Hapa Lubumbashi mtu akienda kununua gari hufungua boneti kwanza. Hata asiyejua tofauti ya plagi na betri atainama, atakunja uso, atauliza, "Moteri iko muzima?" kisha atalipiga tairi teke na kujiona amefanya uchunguzi. Mimi nilikwenda na baiskeli.

Niliingia nayo kwenye pakingi ya magari ya mitumba upande wa barabara ya Kasenga, hema mgongoni, turubai kwenye keria, utepe wa kupimia mfukoni. Kijana wa getini alinitazama toka juu hadi chini, akauliza kwa upole, "Papa, unataka kubadilisha hiyo na gari?" Kisha akamwita mwenzake naye aje asikie jibu.

Sababu nilikuwa nayo. Mke wangu, mdogo wake na mimi tumekwisha kuchoka kuzunguka barabara ya Kasapa na kurudi nyumbani. Tunataka kuzibeba baiskeli tukazipandie mbali: Kipopo kwenye ziwa, Mwadingusha kwenye Lufira, na Mungu akijalia mbuga ya Kundelungu, tulale kwenye hema na asubuhi tuyaone maporomoko ya Lofoi, maji yanayoanguka zaidi ya mita 300. Sasa piga hesabu: baiskeli tatu, hema, babula la kupikia na gunia la makala (makaa), madumu ya maji, sponji la kulalia. Mke wangu ana kile kigari kidogo cha IST. Tulijaribu kuingiza baiskeli moja humo, ikabidi mke wangu ashuke.

Komisionea wangu, dalali wa magari, mtu wa kuvaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha, alikuwa amenihakikishia kwamba jeep zote za pale zinafaa. "Zinafaa kwa nini?" nikamuuliza. "Kwa kila kitu, shefu."

Tukaanza na RAV4 ya zamani, ile yenye tairi la akiba mgongoni. Mlango wake wa nyuma haupandi juu, unafunguka kwa ubavu, na bawaba ziko kulia, hata kwenye zile zenye usukani wa kushoto. Kwa Wajapani ni sawa kabisa: wao huendesha upande wa kushoto, wakisimama kando ya njia mlango unawaachia nafasi upande wa watembea kwa miguu. Sisi tunaendesha kulia. Ukisimama kando, mlango unakuzibia huko huko kando, na wewe unapakia ukiwa upande wa barabara, makalio ukiwaelekezea madereva wa malori ya madini.

"Lakini unaweza kufunga chuma cha baiskeli juu ya tairi lile," komisionea akasema. Naam, unaweza. Ila chuma kikishafungwa kwenye tairi, na tairi liko kwenye mlango, ukisahau chumvi ndani ya buti ni lazima ushushe baiskeli zote ndipo uifikie. Tena zinaziba plaki ya namba, na kumfichia polisi wa barabarani plaki ni kumwandalia chai mwenyewe.

Gari la pili lilikuwa na mlango wa kupanda juu, ambao mimi naupenda kuliko yote, kwani mvua ikinyesha unasimama chini yake kama chini ya baraza. Bahati mbaya zile pampu za gesi zilikuwa zimechoka kwa uzee na mlango ulisimamishwa kwa mti wa ufagio. Nilipopima kimo cha buti, ufagio uliteleza. Tuliliacha gari hilo.

Paani je? Komisionea alipendekeza paa kila tulipokwama. Lakini paa la jeep kubwa kama Prado liko karibu mita 1.9 kutoka chini, na baiskeli ya kawaida ina kilo 12 hadi 15. Nimpe mke wangu kazi ya kuinua kilo 15 juu ya kichwa chake siku ya mapumziko? Na lango la lupango letu (ua wa nyumba) lina mwembe ambao tawi lake limekwisha kuangusha antena za wageni wawili. Nasema wazi, hata kama mafundi watanicheka: gari la kubeba baiskeli huchaguliwa kwa nyuma. Boneti utaifungua baadaye.

Basi tukafika kwenye Prado. Vioo vyeusi, rangi ya maziwa, buti la kuingia mtu na ndugu zake. Baiskeli yangu ni ya magurudumu ya inchi 26, ina urefu wa mita 1.7 hivi, ukitoa gurudumu la mbele unapunguza sentimita 30 na ushee. Nilikunja viti vya upande mmoja, nikatandika turubai, nikailaza. Ikaingia! Pembeni yake ikabaki nafasi nyembamba, ndefu, na nilipoiona nikawaza usiku wa mwezi wa kwanza huko porini, mvua ya Katanga inamwagika, hema linavuja. Je, mtu anaweza kulala hapo?

Kitu cha namna hiyo hakipimwi kwa utepe. Nikapanda, nikajilaza chali, nikavuta baiskeli kidogo juu yangu ili nipate nafasi ya bega, nikajifunika hema. Naam, mtu anaweza kulala. Komisionea alikuwa ameondoka kujibu simu. Kijana wa getini akapita, akaona mlango wazi na jua kali, akafanya kazi yake vizuri. Pwaa!

Magari mengi ya aina hii, mlango wa nyuma hauna mkono wa kufungulia kwa ndani. Nililijua hilo kwa kupapasa. Mguu wa suruali ulikuwa umeumwa na mnyororo, pedali iko juu ya kitovu, fremu iko shingoni. Nikavuta pumzi ili nipige kelele, ndipo milango ya mbele ikafunguka na nikaisikia sauti ya mama mkwe wangu.

Niwaeleze wasiojua. Kwetu Waluba, mwanaume na mama wa mke wake hawazoeani. Hawali pamoja, hawakai karibu, na wazee wa kijijini wakikutana njiani mmoja aliingia kwenye majani hadi mwenzake apite. Mimi mama mkwe wangu nimemsalimia miaka yote kwa mbali, nikitazama viatu vyake. Na sasa nimelala nyuma ya kiti chake, nimejifunika hema.

Anauza unga na samaki katika soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, na kumbe naye alikuwa anatafuta gari la kumpeleka Kasumbalesa, kilomita 90 hivi, kuchukua unga wa Zambia. Hakuuliza habari ya moteri. Aliuliza, "Nyuma inaingia magunia ngapi?" Hapo nikajua mke wangu alirithi wapi akili.

"Hata ishirini, mama," dereva wa pakingi akajibu, akawasha gari.

"Na ile mizigo ni ya nani?"

"Ni ya shefu mumoja. Alikuwa anapima kinga." Kinga kwetu ndiyo baiskeli.

"Anapima kinga ndani ya gari?" Kimya kidogo. "Ni sawa na mkwe wangu. Mutu wa biro, lakini siku ya yenga, jumapili, unamukuta na kaptula ya kubana, anapanda kinga sawa muuzisha makala. Na muuzisha makala, yeye anarudiaka na feza."

Ukweli ni kwamba wauza makala wa mji huu hupanda toka msituni na magunia yaliyorundikana kupita vichwa vyao, na mimi nikiwapita na chupa yangu ya maji huwa naona aibu. Lakini kulisikia hilo kwa mama mkwe, ukiwa chini ya pedali, ni jambo jingine. Sasa ningetokaje? Ningesema nini? "Shikamoo mama, niko huku nyuma nimelala"?

Tukaingia barabarani. Shimo la kwanza, baiskeli ikaruka ikanirudia tumboni.

"Ni kelele gani ile ya nyuma?"

"Amotisere, mama. Inazoea njia."

Shimo la pili lilikuwa baba wa la kwanza. Pedali ilishuka mahali ambapo sitapataja, na mdomo ukanifunguka wenyewe.

"Amotisere inasema 'mama weee'?"

Dereva akawasha redio. Mama mkwe akaizima. "Toa dola mia mbili," akasema.

"Mama, bei ile ni ya mwisho..."

Nilipojaribu kunyoosha mguu, mnyororo ukakwaruza chuma, krrr. "Na ile?" akauliza mama. "Ile ni difu. Difu imekufa. Toa mia tatu."

Hapo ndipo akili ilipofanya kazi. Nina deni la mahari. Mbuzi wawili, tangu siku ya harusi, na kila sikukuu ya familia mtu fulani huwa anawakumbuka kwa sauti. Na huyu ni mama wa mke wangu, anapigana na mfanyabiashara peke yake, na silaha zote ziko mikononi mwangu. Nikagonga ubavu wa gari kwa kisigino. Mara moja, kwa heshima.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama," dereva akakiri, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeanza kuliogopa gari lake.

Nikazungusha pedali kwa mkono. Nikatikisa gurudumu. Kwenye kona nikaguna polepole, mguno mrefu wa gia boksi inayoaga dunia. Bei ikaendelea kushuka, na kama si kengele tungelipata gari lile kwa bei ya pikipiki. Nilikuwa nimesahau kwamba usukani wa baiskeli uko karibu na kidevu changu. Dereva alikwepa bodaboda, nami nikateleza, kidevu kikakanyaga kengele: ngling-ngling! Safi, ya kupendeza, hakuna fundi duniani anayeweza kuiita amotisere.

Gari likasimama. Dereva akashuka, akazunguka, akafungua mlango kwa urefu wote wa mkono wake. Hema likaketi.

Dereva alipiga yowe, akakimbia hatua kadhaa kabla ya kukumbuka kwamba gari ni mali ya tajiri wake. Mama mkwe alikuwa ameshuka upande wa pili. Aliniona. Nami niliviona viatu vyake. Akavuta kitenge, akajifunika uso, akageuka akatazama upande wa mti wa jakaranda, na kwa kuwa hatuwezi kuongea ana kwa ana katika hali kama hiyo, akamtuma dereva, aliyekuwa katikati yetu bado anahema.

"Umuambie mkwe asitoke kwanza. Ningoje nivuke barabara."

"Papa, mama anasema..."

"Nimesikia. Umuambie mama aksanti. Na unisaidie na hii mnyororo."

Akavuka. Nikatoka, suruali ikabaki na kipande chake ndani ya gari. Tulirudi pakingini kwa namna hii: mama mkwe kwenye teksi mbele, mimi kwenye Prado nyuma, dereva akinichungulia kwenye kioo kila dakika.

Mwenye pakingi alipoelezwa alifurahi sana. "Basi mama, gari iko muzima! Ile kelele ilikuwa mutu!" Mama mkwe, akiwa amesimama getini na mgongo kwangu, alisema kwamba yeye hajali kelele ilikuwa nani. Bei ilitajwa, dereva aliitikia, na watu wazima hawarudii maneno. Wakabishana hadi saa ya watu wa michopo (nyama choma) kuwasha mioto yao. Alilipa ile aliyoitaka, noti kwa noti, akizihesabu kwa sauti ili pakingi nzima isikie.

Jioni mke wangu alipokea simu, akaenda kuizungumzia jikoni, akarudi akiwa anajifuta machozi, na hayakuwa ya huzuni. Mbuzi wawili wamesamehewa. Wiki ambazo hakuna safari ya Kasumbalesa tunaruhusiwa kuchukua Prado, ila nioshe unga kabla ya kurudisha. Nimekwisha kupima: magurudumu yakitolewa, baiskeli mbili zinalala, na hema, na babula, na madumu. Ya tatu haiingii, hivyo mmoja wetu atakwenda Kipopo kwa kupiga pedali nyuma ya gari, na mama mkwe ametuma neno kwamba ni nani.