Wapinzani, unganeni kabla ya kura

Hapa Mbeya, kila siasa zinapokwama, hakosekani wa kuuliza: kwa nini vyama vya upinzani visiungane tu vikaunda serikali, uchaguzi wa nini tena? Swali hilo linaulizwa vijiweni Mwanjelwa na kwenye daladala za Uyole, na wanaouliza ni watu waliochoka, si wajinga. Hata hivyo mimi nalipinga wazo hilo kwa moyo wote.

Kwetu, kwanza, halina pa kupitia. Chini ya Katiba ya Tanzania ya 1977 Rais huchaguliwa na wananchi moja kwa moja. Wapinzani hata wakijaa bungeni, wanaweza kumwangusha Waziri Mkuu kwa kura ya kutokuwa na imani, basi. Rais haondoki kwa hesabu hiyo. Kumshtaki kunataka tuhuma nzito, uchunguzi na theluthi mbili ya wabunge, na akiondoka anayeapishwa ni Makamu wake.

Ziko nchi ambako njia hiyo ipo. Kanada, mwenye wabunge wengi nyuma yake ndiye Waziri Mkuu. Oktoba 2008 chama cha Conservative cha Stephen Harper kilipata viti 143 kati ya 308, vingi kuliko vya chama kingine chochote lakini chini ya nusu. Haikupita miezi miwili, viongozi wa vyama viwili vya upinzani, Stéphane Dion wa Liberal na Jack Layton wa NDP, wakasaini makubaliano ya kuunda serikali ya mseto, na chama cha tatu, Bloc Québécois, kikaahidi kuwaunga mkono bungeni. Kabla hajapigiwa kura ya kutokuwa na imani, Harper akamwomba Gavana Mkuu, Michaëlle Jean, mwakilishi wa Malkia, alisimamishe Bunge kwa muda, naye akaridhia. Bunge liliporudi Januari, Dion hakuwa tena kiongozi wa chama chake, na mpango ukafa.

Harper alilikimbia Bunge, na hilo halina utetezi. Ila Dion ndiye anayenisikitisha zaidi, kwa sababu kwenye kampeni alikuwa amewaambia wapiga kura kwamba hataunda mseto na NDP. Sheria ilimruhusu, lakini aliyempa kura kwa kuliamini neno lake angefanyaje? Uchaguzi wa 2011 Harper alipata wingi wa viti aliokuwa akiukosa, na Liberal wakaporomoka hadi nafasi ya tatu.

Jirani zetu wa Malawi walifanya vizuri zaidi. Mwaka 2019 Lazarus Chakwera na Saulos Chilima waligombea kila mtu kivyake, na Rais aliyekuwa madarakani, Peter Mutharika, akatangazwa mshindi kwa asilimia 38 na ushee. Mahakama ilipofuta matokeo Februari 2020 na kutaka mshindi apate zaidi ya nusu, wawili hao waliungana: Chakwera Rais, Chilima mgombea mwenza. Wamalawi waliwaona pamoja kabla ya kupiga kura, wakawapa karibu asilimia 59. Mwaka 2025 Chakwera hakuwaridhisha tena, wakamtoa kwa kura zilezile. Walijua wa kumdai.

Najua nitaambiwa habari za nusu mkate ya Kenya ya 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walipogawana serikali baada ya uchaguzi uliozua vurugu. Damu ilikuwa inamwagika, watu zaidi ya 1,000 wamekufa, na msuluhishi Kofi Annan alifanya alichoweza. Mimi sibishani na amani. Lakini baraza lile lilikuwa na mawaziri 40, na bungeni hakubaki upinzani wa maana wa kuwauliza wanafanya nini.

Sisi tulijaribu na Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, mwaka 2015. Vyama vinne vilimsimamisha Edward Lowassa kugombea urais kwa tiketi ya Chadema, akapata karibu asilimia 40, na Mbeya Mjini na Iringa Mjini zikabaki Chadema. Lakini sheria yetu inataka mgombea na mwenza wake watoke chama kimoja, kwa hiyo Juma Duni Haji ilibidi aihame CUF na kuingia Chadema ili asimame na Lowassa. Chilima hakulazimika kukiacha chama chake.

Hapo ndipo nataka nguvu zetu ziende. Sheria ibadilishwe, vyama vilivyoungana viruhusiwe kusimama kwenye karatasi ya kura kama muungano, na makubaliano yao yachapishwe kabla ya kampeni: nani atashika nini, na kila chama kimekubali kuacha sera gani. Mkulima wa viazi wa Uyole ana haki ya kujua msimamo wa pamoja kuhusu ruzuku ya mbolea kabla hajapanga foleni kituoni.