Kinundu cha Daraja la Tatu

Mwingereza huweka breki ya mbele mkono wa kulia. Mjerumani huiweka kushoto. Kila mmoja ana sababu zake, na wangeendelea kuishi kwa amani kama baiskeli zisingepandishwa meli. Lakini zinapandishwa. Baiskeli ya mtumba inatoka Ujerumani, inashuka bandarini Dar es Salaam, inakwea kutoka Mombo hadi Lushoto juu ya paa la gari, kisha inafika kwa mtu aliyejifunzia kwenye baiskeli ya babu yake, ile nyeusi ya breki za vyuma. Hakuna anayemnong'oneza kwamba mikono imebadilishana kazi. Aliyeniuzia mimi alisema tu, "Hii mashine ya Wazungu, kaka. Breki zake zinashika balaa."

Hakudanganya.

Njia yenyewe ni ya miguu, inashuka kutoka upande wa Magamba kuja mjini, ikikatiza matuta ya kabichi na karoti. Juu udongo umekauka, chini yake unateleza, na mizizi imetambaa ovyo. Mahali pa namna hiyo unashusha siti, unasimama juu ya pedeli zikiwa usawa mmoja, unarudisha makalio nyuma ya siti, viwiko vimekunjwa kidogo, na breki unazigusa kwa kidole kimoja kimoja. Yote hayo niliyatekeleza. Mzizi mmoja ukanishtua, nikabana breki ya kushoto kwa vidole vyote vinne, kwa sababu tangu nizaliwe breki ya kushoto ni ya nyuma.

Gurudumu la mbele likasimama. Mimi nikaendelea na safari.

Ukifunga breki, uzito hukimbilia mbele. Kwenye mteremko uzito huo umeshaanza safari ya mbele kabla hujafunga chochote. Gurudumu la mbele likigoma kabisa, badala ya gurudumu kuzunguka kwenye ekseli, baiskeli nzima hupinduka juu ya pale tairi hilo linapogusa ardhi, pamoja na mwenye baiskeli. Nilitua kwa ncha ya bega la kulia, mkono ukiwa umebana mbavuni, kwa sababu ulikuwa haujapata taarifa ya kuachia usukani.

Kutua huko kuna matokeo yake. Kombe la bega, yaani mfupa bapa wa nyuma ya bega, limening'inia kwenye mtulinga, ule mfupa unaotoka chini ya koo kwenda begani, na mtulinga umeegemea kifua. Ukiangukia ncha ya bega, ardhi inalisukuma kombe kwenda chini, mtulinga unazuiwa na mbavu usilifuate, na kano zinazounganisha hao wawili zinakatika. Anayetanguliza kiganja mara nyingi huvunja kifundo cha mkono. Anayetanguliza bega huvunja mtulinga, au huambulia kinundu. Mimi niliambulia kinundu: ncha ya mtulinga ilichomoza juu ya bega, imeinua ngozi, inachungulia.

Mwenye shamba alifika na jembe lake. Akanitazama mimi, akazitazama kabichi, akaanza na kabichi.

"Pole mwanangu. Ni tatu. Hii ya nne nitaipika mwenyewe leo."

Baada ya hesabu kufungwa, mama yule alinihudumia vizuri kuliko watu wengi wenye cheti. Hakuuvuta mkono, na hakuniambia niunyanyue tuone kama unanyanyuka. Alivua kanga yake ya juu, akaikunja pembetatu, akaupitisha mkono ndani yake, kiwiko kimekunjwa pembe mraba na kiganja kiko juu kidogo ya kiwiko, akafunga fundo pembeni mwa shingo ili lisikae juu ya uti. Kanga ya pili akaizungusha kifuani kuubana mkono usitikisike. Kisha: "Chezesha vidole. Hapa nikikukwaruza unasikia?" Vidole vikifa ganzi, vikiwa baridi na kupauka, mfupa ukitokeza nje ya ngozi au pumzi zikikata, hapo hakuna kusubiri gari la jioni. Vyangu vilicheza. Nikasimama, nikajitazama: kifuani, kwa herufi kubwa, nilikuwa nimeandikwa MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA.

Nilishuka mjini kwa bodaboda, mshikaki: dereva mbele, mimi katikati, nyuma kijana wa yule mama amenikumbatia nisidondoke. Baiskeli ilibaki shambani, rehani ya kabichi tatu.

Hospitalini nesi alinikuta na fulana ya kubana ya waendesha baiskeli, akaenda moja kwa moja kwenye mkasi. Nikamsihi, fulana ni mpya. Akacheka, akanifundisha kanuni ambayo ingepaswa kuchapwa kwenye lebo za nguo: mkono mgonjwa huvaa wa kwanza na huvua wa mwisho. Kuvua, unatoa mkono mzima, halafu kichwa, kisha nguo unaiteremsha taratibu kwenye mkono mgonjwa. Fulana ikapona. Hata hivyo kwa wiki zinazofuata vaa mashati ya vifungo, na kaptula ya mpira kiunoni. Mkanda wa suruali na choo cha shimo, kwa mkono mmoja, ni mashindano ambayo hushindi.

Wakapiga eksirei ya mabega yote mawili ili wayalinganishe. Daktari akasema, "Hili ni daraja la tatu."

Mjomba, aliyekuwa amenisindikiza, akapumua. "La tatu! Si haba. Mimi nilipata la nne na nikaajiriwa."

Daktari, Mungu ampe subira, akaeleza kwamba madaraja haya ya mtulinga kuachana na kombe la bega yapo sita, aliyapanga daktari Mmarekani Charles Rockwood miaka ya 1980, na hayaendi na cheti cha kidato cha nne. La kwanza kano zimevutika tu. La pili zile za kwenye kiungo zimekatika, lakini zile nene zinazoushikilia mtulinga kwa chini zimebaki. La tatu zimekatika zote. Kuanzia la nne ndipo mara nyingi upasuaji unapotajwa. La tatu wengi hupona bila kisu, isipokuwa miezi mitatu ikipita na bega bado linauma na halina nguvu. Halafu akaongeza jambo ambalo ukoo mzima uliamua kutolisikia: "Kinundu hakitaondoka. Na kwa kweli si mfupa uliopanda. Ni mkono ulioshuka."

Mjomba akanitazama mkono. "Umeshuka mpaka wapi?"

Nilipewa mkanda wa shingoni, paracetamol na maelekezo. Vidonge vya miligramu 500 visizidi vinane kwa saa 24, ukihesabu na vile ulivyopewa na jirani. Dawa za jamii ya ibuprofen usimeze kabla ya kula. Barafu dakika 15 hadi 20, kitambaa katikati, kila baada ya saa mbili au tatu kwa siku mbili za kwanza. Sasa nyumbani kwetu barafu ni zile za ubuyu anazouza shangazi kwenye vifuko. Alinipangia bega zima kwa vifuko, akavifunga na taulo. Barafu ikayeyuka, kifuko kimoja kikapasuka, bega likawa jekundu mpaka kwapani. Jirani aliyekuja kutoa pole aliona rangi hiyo, akatoka bila kuaga. Kufikia magharibi nilikuwa marehemu katika mitaa miwili.

Usiku ndipo nilipogundua kwamba kanga ile ilisema nusu ya kweli. Kulala chali bapa hakuwezekani, na kwa ubavu wowote usijaribu. Kinachosaidia ni kulala nusu umekaa: mito miwili mgongoni, mmoja chini ya kiwiko na mkono wa juu, ili mkono usidondokee nyuma. Huo wa kiwikoni ndio wenye kazi kubwa, na ndio ambao wageni wa kutoa pole wanaukalia.

Asubuhi akaletwa bibi mkandaji. Sikumwita, aliletwa. Kabla sijatoa kauli akaweka dole gumba juu ya kinundu na kubonyeza. Mfupa ukazama.

"Umeingia!" akatangaza, na sebule ikashangilia.

Akaachia. Mfupa ukaibuka. Akabonyeza, ukazama, akaachia, ukaibuka, kama kibao cha kinanda cha kanisani, na mimi ndiye niliyekuwa natoa sauti. Wajukuu wakapanga mstari nao wajaribu. Kwa dalili hii hii madaktari huwatambua watu wa aina yangu, ila wao hubonyeza mara moja. Bibi akashauri tuufunge na sarafu na bendeji ngumu mpaka ukubali. Hilo msikubali. Ngozi ya hapo ni nyembamba, ukiikandamiza kwa siku kadhaa inafanya kidonda, na ukifungua, mfupa unarudi palepale. Kukanda shingo na sehemu ya juu ya mgongo, sawa, maana misuli hiyo hukaza kwa kubeba zamu isiyo yake. Kinundu chenyewe kiachwe. Mjomba, kwa upande wake, alileta kichupa cha mafuta ya simba. Nilinusa. Simba huyo alinuka grisi ya ekseli.

Adui mkubwa, lakini, ni adabu. Lushoto kuna baridi, unavaa koti, koti linafunika mkanda, na kila unayekutana naye anakupa mkono wa kulia, anaushika, anautikisa, anauvuta karibu akuulize habari za nyumbani. Mkanda uvaliwe juu ya koti, na uwe wa rangi inayoonekana. Kula nako: kwa mkono wa kushoto mbele ya bibi yangu ni bora nife njaa. Bahati nzuri kiganja, kifundo na kiwiko vinatakiwa vifanye kazi nyepesi tangu mwanzo, visije vikakakamaa. Kwa hiyo tuliinua ugali badala ya mkono: ndoo imegeuzwa juu ya meza, sahani juu ya ndoo, usawa wa kidevu. Wageni walikuwa wanauliza kama ninahutubia.

Mkanda huvaliwa wiki mbili hadi tatu, maumivu yakipungua unauacha kidogo kidogo. Wanaoukumbatia miezi kwa woga hupata bega lililoganda, na kuliko hilo, bora kinundu. Dada wa fiziotherapia alinianzisha na zoezi la kwanza: inama, mkono mzima ushike meza, mgonjwa uachie uning'inie, kisha utikise kiwiliwili ili mkono uchore viduara vidogo wenyewe, mbele na nyuma, upande na upande. Misuli ya bega isifanye kazi. Dakika moja au mbili, mara tatu kwa siku. Ukiwa umeinama hivyo hivyo ndiyo nafasi ya kuosha na kukausha kwapa, ambalo kwa wakati huo lina mengi ya kusema. Nilifanyia zoezi uani, bila shati, kwa sababu za kwapa. Jirani yuleyule aliyenizika akachungulia juu ya ua. Safari hii aliondoka anasali.

Yaliyofuata yana staha zaidi. Kusukuma kitambaa juu ya meza kwenda mbele. Kupandisha vidole ukutani, kila siku juu kidogo. Kurudisha makombe ya mabega nyuma na chini, sekunde tano, mara kumi, na hilo ndilo zoezi ambalo watu hulidharau wakati misuli ya kombe ndiyo inayoshika nafasi ya kano zilizokatika. Baadaye mpira: ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli, upana wa vidole viwili, umefungwa kwenye kitasa. Kiwiko ubavuni, taulo iliyokunjwa katikati ya kiwiko na mbavu, unavuta mkono kwenda nje taratibu na kuurudisha taratibu zaidi. Hakikisha mlango unafungukia upande wa pili na umekomewa. Wa kwetu ulifunguka, akaingia shangazi na beseni, na mazoezi yaliahirishwa hadi sakafu ikauke.

Kuna miiko. Kuupitisha mkono mbele ya kifua kushika bega la pili hukibana kile kiungo, kwa hiyo mgongo wa upande ule mwombe mtu akukune. Mkoba usiukalishe juu ya kinundu. Vitu vizito visipite usawa wa bega kwa wiki sita hivi, na debe la lita 20, ambalo ni kilo 20 za maji kabla hujapima plastiki, lisubiri kama miezi mitatu. Nilimsomea shangazi kipengele hicho polepole. Mpaka leo anauliza kama kwenye karatasi kimeandikwa kweli.

Baiskeli nilikwenda kuikomboa na noti tatu za elfu moja. Mama wa kabichi alikuwa ameipa kazi ya kuanikia nguo. Fundi akamaliza ugomvi wa Mwingereza na Mjerumani kwa muda wa chai: breki ni za waya, kwa hiyo alilegeza nati zinazobana waya kwenye kaliper, sehemu ya breki iliyo gurudumuni, kwa funguo ya pembe sita namba 5, akachomoa waya kwenye mikono ya breki, akabadilishana, akakaza, akasukuma baiskeli mbele huku amebana mkono wa kulia mpaka tairi la nyuma likanyanyuka. Kama zingekuwa za mafuta, ingebidi kutoa hewa kwenye bomba, na chai ingepoa. Ukinunua ya mtumba, jaribu hivyo hivyo hapo hapo kwa muuzaji, ukiwa umesimama chini.

Barabara tambarare unairudia mkono ukinyanyuka wote bila maumivu na ukiweza kujisukuma ukutani kwa mikono miwili. Njia za mizizi ni baada ya kujisukuma chini sakafuni bila kukunja uso, maana kwenye mteremko mwili wote unaegemea viganja.

Bega sasa linafanya kila kitu. Kinundu kipo. Majuzi binamu yangu anaoa, nikaenda kushonesha suti. Fundi cherehani akapitisha utepe mgongoni, akasimama, akapapasa bega la kulia kwa kidole.

"Huku pedi ipo tayari?"

Nikamwambia ndiyo.

Akaandika kwenye daftari: pedi moja, kushoto. Akanitoza za mbili.