Msesewa kwenye mbege: ubaki au uondolewe?

Ukinywa mbege ya Kilimanjaro, ulimi hukutana kwanza na utamu wa ndizi, kisha ukakasi, na mwishoni kabisa uchungu. Uchungu huo ni wa msesewa, gome la mti ambao wataalamu wa mimea huuita Rauvolfia caffra. Wachagga hulitia kwenye pombe yao pamoja na maji ya ndizi zilizochemshwa na uji wa kimea cha ulezi.

Wapo wanaotaka gome hilo liondolewe, na hoja yao si ya kupuuzwa. Msesewa ni ndugu wa mti wa India, Rauvolfia serpentina, ambao mwaka 1952 ulitoa resapini, dawa ya kushusha presha. Msesewa nao una alkaloidi zake, yaani kemikali za mimea zenye nguvu mwilini. Mama mpika pombe hana mizani ya gramu. Hukadiria kwa jicho, kisha huonja. Anayemeza vidonge vya presha halafu akashusha kata tatu, amejiongezea kitu ambacho daktari wake hakukihesabu. Tena gome likibanduliwa kuzunguka shina lote, mti hufa. Hilo halihitaji maabara.

Ila wakisema bia halisi ni ya hopsi, hapo nawakatalia. Hopsi nayo ni mmea mchungu tu uliobahatika. Kabla haijatawala, sehemu kubwa ya Ulaya Kaskazini ilikoleza bia kwa gruit, mchanganyiko wa mimea kama Myrica gale ya kwenye vinamasi, na watawala walijipatia kodi humo. Kufikia mwaka 1516, sheria ya Bavaria iliruhusu shayiri, hopsi na maji peke yake. (Chachu haikutajwa, ingawa bila hiyo hakuna bia.) Hopsi ilikuwa na sifa ya kweli: huzuia bakteria, hivyo bia hukaa na husafiri. Mbege haina ubavu huo. Baada ya siku moja au mbili imeshachachuka kupita kiasi. Lakini nani aliipika ili ikae? Hupikwa kwa ajili ya posa, matanga, au gulio la kesho, na iishe.

Kwa hiyo wa kudaiwa kipimo cha gome ni yule anayetaka kuitia mbege kwenye chupa na kuiuza Dar es Salaam kwa watu asiowajua. Mama wa kilabuni akizidisha msesewa, wanywaji wake watamwachia pipa zima jioni hiyohiyo.